Kuhamisha Mibirizi ya Mama

Kaka yangu hanipigii simu kunijulia hali. Akipiga, ujue kuna jambo amekwisha kuliamua na anataka nilisikie kwake kabla sijalisikia kwa watu. Siku ile nilikuwa uani kwetu Ruti, pembeni mwa mji wa Mbarara, naanika nguo, vidole vimekufa ganzi kwa maji ya asubuhi. Simu ikaita, nikaipokea kwa mkono uliolowa.

"Ile mibirizi ya mama, kama unaitaka, kuya uitoe," alisema, bila salamu. "Nataka ile fasi. Najenga chumba."

"Yaya," nilimwambia, kama kwetu tunavyomwita kaka mkubwa, "huu ni mwezi wa saba. Nani anahamisha miti mwezi wa saba?"

"Jumamosi ikipita nakata yote, nachoma."

"Ngoja hata mvua ya kwanza."

"Ngoja wewe. Utakuta majivu."

Akakata. Nilibaki nimeshika shati la mume wangu, linanichuruzikia maji miguuni, na hasira ile ya zamani ikanipanda, ile ambayo kaka yangu peke yake ndiye anayejua inapokaa.

Mubirizi si mti wa fahari. Ni kichaka tu, kinachomzidi mtu urefu kidogo kikiachwa, na majani yake ni machungu kiasi kwamba ukiyatwanga, uchungu unakaa vidoleni mpaka kesho yake. Kwetu Kongo ni dawa ya homa na ya tumbo, na Wanyankole, wenyeji wa huku, nao wanaujua vilevile. Mama alikuwa na mstari mzima nyuma ya nyumba yake katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kutoka chooni mpaka jikoni. Alianza kuupanda mwaka ule tuliofika kutoka Kongo, tulipopewa kiwanja na turubai na kuambiwa tujenge. Watu wengine walikwenda kutafuta mbegu za mahindi. Yeye alikwenda kwa miguu upande wa Kabingo, akaomba kijiti cha mubirizi kwa mwanamke Mnyankole ambaye hawakuelewana hata neno moja, akarudi nacho amekifunga kwenye kanga yenye maji. Hicho kijiti kilikuwa ndicho cha kwanza, kile cha karibu na jiko. Vingine vyote alivikata kutoka kwake.

Mama alikuwa mtu wa milima ya juu, Itombwe, ambako kiangazi huja na sakitu. Alituambia kwamba kuna asubuhi majani yalikuwa meupe kama yamepepetewa unga, na ardhi ya bustani imeganda juu, jembe likigonga linarudi. Huko kwao, alisema, mtu akikukuta unachimbua mche wakati wa sakitu anakuuliza mmegombania nini, wewe na huo mche. Nakivale haina sakitu. Lakini ina mwezi wa sita na wa saba, na mimi sioni tofauti kubwa. Asubuhi ukungu unatoka ziwani, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Mchana jua na vumbi na moshi wa majani yanayochomwa vilimani. Na udongo unakuwa tofali. Mzizi ukiutoa wakati huo unautoa ili ufe.

Kaka alijua hayo yote. Tulilelewa na mama mmoja.

Sisi wawili tulianza kugombana nilipoolewa. Yeye ni shemasi kanisani. Mimi nilimpenda mfanyabiashara Mwislamu wa Mbarara, mtoto wa mwanajeshi aliyezaliwa karibu na kambi ya jeshi ya Makenke, nikafuata dini yake. Kaka hakuja kwenye ndoa. Mama alikuja, akakaa kwenye mkeka na wanawake wa pale, akala, akacheka. Alipofariki, mwaka mmoja kabla ya simu hiyo, nilifika msibani nikakuta kaka ameniwekea kiti kwenye turubai la wageni, pamoja na watu wa ofisi ya kambi waliokuja kutoa pole. Nililia kutoka kwenye kile kiti cha plastiki kama mtu aliyekuja kuleta rambirambi. Hasira ya siku ile niliiweka.

Kwa hiyo niliposikia habari ya majivu, sikuwaza mara mbili. Nilimwambia mume wangu naenda. Akaniambia mubirizi upo sokoni, wanauza majani kwa mafungu. Nikamwambia najua.

*

Nilifika Ijumaa kabla ya saa sita. Pale Kabingo nilikuwa nimezungumza na dereva wa pikapu, mzee mwenye kofia ya sufu, anayebeba matoke kwenda Mbarara, aje kunichukua kesho yake na mzigo wangu. Aliniuliza mzigo gani. Nikasema miti. Akanitazama.

"Nyabo, mama, hii gari ni ya matoke."

"Matoke nayo ni miti."

"Matoke inaliwa," akasema, lakini akakubali.

Mke wa kaka yangu alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na jiko, anamenya mihogo, mgongo wake ukiegemea mubirizi ule wa kwanza. Ni mwanamke mwembamba, mwenye sauti ndogo, na katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akigombana na mtu. Mimi alinichukia kimyakimya. Alisema "Karibu, wifi" akiuambia muhogo.

"Nimekuja kutoa mibirizi."

"Alisema."

"Naomba maji, nilowanishe ardhi kidogo. Ni ngumu."

"Robine ya bomba imekauka tangu juzi. Maji yenye iko ni ya kunywa."

Madumu mawili ya njano yalikuwa yamesimama nyuma yake, yamejaa mpaka shingoni. Niliyaona, naye aliona kwamba nimeyaona. Nikachukua jembe.

Pigo la kwanza lilirudi mpaka begani. Nililazimika kukwangua kwanza, kama mtu anayeondoa ukoko chini ya sufuria, ndipo nikapata pa kuingizia ncha. Chini kidogo udongo ulikuwa mwekundu na mkavu, unatoka kwa vipande vyenye pembe. Nilianza upande wa chooni. Nilikuwa nimepanga kuzunguka kila shina kwa mbali, nitoe mizizi na udongo wake, niifunge kwenye gunia. Udongo haukukaa. Ulikatika na kudondoka, mizizi ikabaki uchi kwenye upepo, inageuka rangi huku ninaitazama.

Kaka alirudi mchana, amevaa shati lake la kanisani. Alisimama, akautazama mtaro wangu.

"Kwa mwendo huo utakuwa hapa mpaka Krismasi," alisema. "Ah, pardon. Wewe hauna Krismasi."

Nikaendelea kuchimba. Aliingia ndani, akatoka amevaa nguo za kazi, ameshika sururu. Nilidhani anakuja kunisaidia. Labda naye alidhani hivyo kwa dakika moja. Alipiga kwa nguvu karibu kabisa na shina, nikasikia mzizi ukikatika chini kama kidole.

"Unakata mzizi!"

"Mzizi iko murefu. Unataka niifuate mpaka Kongo?"

"Nataka uende mbali kidogo na shina, kama mtu mwenye akili."

"Kata kijiti ukapande! Batu bote banakata kijiti. Mubirizi inashika na kijiti."

Alisema kweli. Mubirizi unashika kwa kijiti hata ukiupanda kichwa chini. Lakini kijiti hata jirani angepewa akiomba. Mimi nilitaka yale mashina yenyewe, yaliyokuwa na alama za panga la mama, pale alipokuwa akikata kila mwaka yasilifunike paa. Na zaidi ya hapo, sitaficha, nilitaka kaka yangu aone nyuma ya nyumba yake pakiwa tupu na ajue ni mimi niliyepafanya tupu, si yeye.

Tulichimba hivyo alasiri nzima, yeye upande wake na mimi upande wangu, tukitupiana maneno juu ya udongo.

"Wewe unakuyaka tu kutwaa," alisema. "Mama aligonjwa, ukakuya na sukari na sabuni, ukarudia kwako. Nani alimubeba kumupeleka chooni?"

"Ni nani aliyeniambia nisilale hapa?"

"Nilisema usilale na ile kitambaa yako ya kichwa nyumbani ya batu ya Mungu."

"Basi ulimchagua nani amuuguze? Si mkeo?"

"Ndiyo, ni yeye! Ni yeye alimuuguza!"

Mkewe alisikia yote. Alikuwa amemaliza mihogo lakini hakuondoka kwenye kigoda. Alikaa pale na kisu mapajani, anatazama jinsi mtaro unavyomsogelea. Nilifikiri anafurahia kutuona tunaparuana. Nilimchukia kwa hilo kuliko nilivyomchukia kaka, kwa sababu kaka angalau alikuwa anatoka jasho.

Jua lilipoanza kushuka tulikuwa tumetoa mstari wote, isipokuwa ule wa kwanza. Nilifunga mizizi kwa magunia, nikayalowanisha kwa maji yaliyooshewa vyombo, ambayo wifi hakunizuia kuyachukua. Nililala kwa mama mmoja wa kanisa la kaka, ambaye alinipa blanketi na hakuniuliza dini yangu.

*

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, nyumba ya kaka niliiona nilipokuwa karibu kuigonga. Nyasi zilikuwa zimelowa umande wa baridi, na mpini wa jembe ulikuwa kama chuma. Nilivuta vidole, nikavipulizia, nikaenda moja kwa moja kwenye mubirizi wa jikoni. Ulikuwa mkubwa kuliko yote, shina lake limejikunja na kupasuka magamba. Nilikuwa nimeuacha wa mwisho makusudi, niwe na siku nzima nao.

Nilikuwa nimechimba kiasi cha kufikia mzizi mmoja mnene, na nimeukata kwa panga kwa sababu haukutaka kupinda, wifi alipotoka jikoni.

"Hiyo iache," alisema.

"Huu ndio niliokuja kuuchukua."

"Umetwaa mingi. Hiyo moja iache."

"Utachomwa Jumamosi ikipita. Yaya amesema."

"Haitachomwa."

Kaka alikuwa mlangoni anapiga mswaki. Akatema povu. "Itachomwa," alisema. "Fondation ya chumba inapita hapo hapo. Chimba, toa yote, nimalize na haya mambo."

Mara ya kwanza baada ya miaka mingi kaka yangu na mimi tulikuwa upande mmoja, na tulikuwa upande mmoja dhidi ya mwanamke huyu mwembamba. Sasa nikikumbuka, naona haya. Wakati ule niliona raha. Niliinua jembe.

Wifi akaruka ndani ya shimo. Alikuwa pekupeku, na vidole vya miguu yake vikawa pale pale jembe lilipokuwa liende. Nilizuia mikono, nikayumba, nikashika shina nisianguke.

"Una wazimu? Ningekukata!"

"Nikate."

"Toka humo," kaka akasema, anakuja. "Mama wa batoto, toka. Unatafuta aibu ya nini?"

Wifi hakumtazama. Alinitazama mimi. Midomo yake ilikuwa ya kijivu kwa baridi.

"Muko munachimba mutoto wangu," alisema.

Sikuelewa. Nilidhani ni namna ya kusema, kama watu wanavyosema unanichimba moyo. Kaka ndiye aliyeelewa kwanza, au alielewa nusu, kwa maana mswaki ulimwanguka.

"Mutoto gani?"

Ndipo alipotueleza, amesimama shimoni, kwa sauti ile ile ndogo. Ulikuwa mwaka ambao kaka alikwenda Mbarara kubeba mizigo sokoni, akakaa huko miezi mingi bila kurudi. Alimwacha mkewe na mimba. Mtoto alikuja kabla ya wakati wake, mchana, mama yetu peke yake ndiye aliyekuwa nyumbani. Alikuwa msichana. Alikuwa na nywele na kucha, na hakuvuta pumzi. Kwetu mtoto wa namna hiyo huzikwa na wanawake, karibu na nyumba, bila kilio na bila mchungaji. Mama alimfunga katika kitenge chake mwenyewe, akachimba chini ya mubirizi wake wa kwanza, akamlaza. Halafu akamwambia mkwe wake: mume wako anarudi na mikono mitupu, usimuongezee na hili, mwambie ilikuwa damu tu.

"Uliniambia ilikuwa damu," kaka akasema.

"Mama alisema niseme hivyo."

"Mama alijua. Wewe ulijua. Mimi nimekula hapa, nimeomba Mungu hapa, nimekojoa karibu na hii mti, na hakuna mutu..."

Aliokota sururu kutoka pale ilipoegemezwa, na niliogopa, nikaja mbele ya wifi bila kufikiri, jembe langu bado mkononi. Aliirusha. Ilipita juu ya ua, ikapiga moja ya yale madumu ya maji, likatoboka, na maji yakaanza kutoka kwa mkondo mwembamba, yakichora njia kwenye vumbi. Hakuna aliyekwenda kuyaziba.

Kisha akanigeukia.

"Umefurahi? Ulikuya kuchimba. Umechimba."

"Ni wewe uliyesema unachoma!"

"Ningechoma majani! Mzizi ningejengea juu! Hakuna mutu angejua kitu!"

Nilitaka kumjibu kwamba msingi pia unachimbwa, kwamba angempata mwanawe kwa sururu yake mwenyewe, peke yake, na ingekuwa vibaya mara mia. Lakini alikuwa amekwisha kuondoka, na shati la kulalia, anapanda kwenye kilima upande wa kanisa, ukungu ukammeza kabla ya kufika njiani.

Wifi alitoka shimoni. Alikaa kwenye kigoda.

"Rudisha udongo," aliniambia.

Nilichukua beleshi.

"Na mikono," alisema.

Nilipiga magoti nikarudisha udongo kwa mikono, vipande vigumu vyenye ncha, vingine nikivivunja kwa viganja mpaka ngozi ikachanika. Hakunisaidia. Nilipoanza kukanyaga juu ili ukae, alisema "polepole", na hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho kwangu siku ile. Nilitaka kumwambia pole. Nilimtazama uso nikaona kwamba pole yangu angeitema.

Mzizi niliokuwa nimekata niliuona umelala juu ya ardhi, mweupe kwa ndani, umeanza kunyauka. Sikujua niuzike au niuchukue. Nikauacha.

*

Dereva wa matoke alifika akapiga honi kama polisi. Nilipakia magunia peke yangu. Aliyanusa, akasema miti hii inanuka dawa. Njiani vumbi liliingia kwa madirisha yote, nikaviona vichaka vyangu kwenye kioo cha nyuma, majani yamelala kama masikio ya mbwa aliyepigwa. Dereva aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, kisha nikamwambia ndiyo, naye akawasha redio.

Nyumbani Ruti, mama mkwe wangu alikuwa amesimama getini. Ni mjane wa mwanajeshi, na Kiswahili chake ni cha kambini: kila sentensi ni amri.

"Hii ni nini? Unaleta pori kwa nyumba yangu?"

"Ni dawa, mama. Ni ya marehemu mama yangu."

"Dawa iko kwa duka. Pale kwa geti mimi nataka maua."

"Nitapanda nyuma."

"Nyuma ni ya nguo."

Nilipanda nyuma, chini ya kamba za nguo. Ardhi ya Ruti ni ya changarawe, mbaya kuliko ya Nakivale. Mikono yangu yenye vidonda ilifunguka upya. Mume wangu alikuja jioni akashika jembe, nikamnyang'anya. Alinitazama, akarudi ndani. Sikumweleza. Ningeanzia wapi?

Kila asubuhi nilimwagia maji, na kila asubuhi niliona jani moja zaidi limekuwa karatasi. Mama mkwe alisimama dirishani na chai yake akinihesabia hasara. "Umeleta maiti," alisema siku moja. Hakujua alichosema, lakini nilimjibu vibaya, vibaya sana, mbele ya jirani, na kwa wiki nzima tukapitana jikoni bila salamu. Siku nyingine nilimkuta anamwaga maji ya kufulia, ya moto na yenye sabuni, pale pale kwenye mashina.

"Mama, hapo usimwage!"

"Hapo wapi? Hapo pamekufa."

Alikuwa sahihi. Nilikwangua gamba kwa ukucha, shina baada ya shina, nikitafuta kijani chini yake. Yote yalikuwa ya kahawia mpaka ndani. Hakuna hata moja lililoshika. Nilichukua panga nikayakata kuwa kuni. Moshi wake ulikuwa mchungu, wali wa siku ile ukawa mchungu, na tuliula hivyo hivyo wote.

*

Mvua ilipoanza, mwishoni mwa mwezi wa nane, wifi alinipigia. Sikujua hata kwamba ana namba yangu.

"Imechipuka," alisema. "Upande moja. Ule upande ulikata haina kitu."

"Sawa, wifi."

"Zile zingine?"

"Zimekufa zote."

Nilisikia mvua ikipiga mabati yake. "Kuya utwae vijiti," akasema. "Kuya kama yeye hayuko. Siku ya kazi asubuhi."

Nilikwenda. Chumba kilikuwa kimeanza kujengwa. Ukuta wa matofali ya udongo ulitoka kwenye nyumba, ukafika karibu na mubirizi, ukakata kona ghafla, ukaingia ndani, kisha ukaendelea. Ilikuwa nyumba yenye kiwiko. Mtu yeyote anayejua kujenga angecheka. Wifi aliniona nautazama.

"Hasemi na mimi," alisema. "Anajenga tu."

"Bado?"

"Anasema na batoto. 'Ambia mama yako alete chumvi.' Namna hiyo."

Nilinyoosha mkono kwa panga nikate vijiti. Akalishika yeye.

"Wewe hapana."

Alikata mwenyewe, akichagua, kila kijiti kwa pigo moja la mshazari, upande ule ulio hai tu. Nilikaa kwenye matofali nikimtazama. Nilikusanya nguvu nikasema lile nililoshindwa kulisema siku ile: kwamba nilikuwa na hasira na kaka, si na yeye, na kwamba kama ningejua nisingegusa.

"Ungejua namna gani?" alisema, bila kugeuka. "Hukuuliza kitu. Ulikuya na jembe." Alivifunga vijiti kwa kitambaa kilicholowa. "Usifikiri nimekuita juu ya upendo. Mama yako alinipendaka. Hangetaka vyote vife. Basi."

Akanipa. Nilisema asante. Hakunipa chai, na mvua ilikuwa imeanza tena.

Nilishika njia ya kwenda kwenye stendi ya pikipiki, nimekumbatia vijiti chini ya mtandio. Nilipokuwa nimefika kwenye daraja la magogo, nikamwona kaka yangu anakuja, anasukuma baiskeli yenye mabati yaliyofungwa nyuma. Njia ni nyembamba pale. Hakukuwa na pa kukwepa, kwake wala kwangu. Nilitazama chini nikitegemea atanipita kama gogo jingine. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, na nilikuwa nimejiandaa pia kwa tusi.

Alisimama. Mvua ilikuwa inamtiririka kwenye nyusi. Alivitazama vijiti, akanitazama mikono.

"Ulipochimba," alisema, kisha akakohoa. "Siku ile. Uliona kitu?"

"Hapana, Yaya."

"Hata kidogo? Hata ile kitenge?"

"Sikufika huko. Alinizuia kabla sijafika."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Nilidhani atasema jingine. Mimi pia nilikuwa na maneno, lakini yalikuwa ni yale yale ya kiti cha plastiki na ya kitambaa kichwani, na nikayameza.

"Pisha," alisema. "Mabati inakata."

Nikajibanza pembeni, akapita.

Vijiti nilivipanda siku ile ile chini ya kamba za nguo, katika matope, na mama mkwe alitoka na mwavuli akasimama kunitazama mpaka nikamaliza. Aliuliza kama hivi navyo ni maiti. Nikamwambia sijui bado. Akasema basi maji ya sabuni atamwaga upande mwingine, lakini mwezi mmoja tu, si zaidi.